Maji Yakigeuka: Kuvua kwa Unyoya kwenye Mahori ya Pemba

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa sheha, wazee wetu wa kamati ya wavuvi ya shehia, manahodha, na nyinyi vijana mnaotaka kuwatembeza wageni kwenye mahori, yaani mikono ya bahari inayoingia nchi kavu, na kwenye mafungu yetu ya mchanga. Nimetakiwa nizungumze juu ya kuvua kwa unyoya pale maji yanapobadilika. Wazee waliokaa mbele hapa wanayajua maji ya Pemba kuliko mtu yeyote atakayeshuka na fimbo ya bei ghali mkononi. Kazi yangu leo ni kuonyesha elimu hiyo inavyoingia katika uvuvi huu wa kigeni, ili kijana akiulizwa na mgeni "sasa tufanye nini?" awe na jibu lenye sababu.

Niwaeleze kwa ufupi wale ambao hawajauona. Katika mshipi wetu wa kawaida, chubwi ndiyo inayoupeleka mshipi mbali na kuushusha chini. Katika uvuvi wa unyoya, ndoana imefungwa manyoya na uzi, ndiyo tunayoiita unyoya, na uzito wake ni mdogo mno kuweza kurushwa. Uzito uko kwenye mshipi wenyewe, ambao ni mnene na umevikwa plastiki. Fimbo inaukunja mshipi hewani nyuma na mbele, nao unaibeba ndoana. Mishipi hii hupewa namba kwa uzito wa futi 30 za mwanzo, yaani mita 9.1. Namba 5, inayotumika sana kwenye mito, ni kama gramu 9. Namba 8 ni kama gramu 13.6. Kwetu, penye upepo na samaki kama kolekole, chukueni namba 8 au 9 na fimbo ya mita 2.7. Anayekuja na namba 5 atapigana na upepo asubuhi nzima. Sitakaa sana kwenye vifaa, kwani wageni wengi huja navyo.

Ninalotaka mlichukue leo ni hili. Samaki wakiacha kula, karibu kila mtu hufungua kisanduku na kubadilisha unyoya. Hilo liwe la mwisho. Kwanza uliza: unyoya wangu uko kina gani? Unakwenda kasi gani? Katika maji haya samaki anaona umbali gani? Samaki aliyekuwa anakula dakika ishirini zilizopita hajaichoka rangi ya unyoya wako. Maji yamebadilika, na unyoya haupiti tena pale alipo.

Uvuvi huu umekulia kwenye mito, kwa hiyo tuanzie huko. Katika mito ya Mlima Kenya na Aberdare kuna samaki anayeitwa trauti, aliyeletwa na Waingereza mwaka 1905. Trauti anataka maji baridi. Yakipita nyuzi 20 za Selsiasi anaanza kutaabika, na mvuvi mwenye imani humwacha apumzike. Mvua za masika zikipiga mlimani, mto unapanda na kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Katikati panakuwa na kasi asiyoiweza samaki, naye anahamia kandokando, karibu na majani, mahali ambapo jana palikuwa pakavu. Mgeni anarusha katikati kwa sababu jana alipata pale, na hapati kitu. Mto ukianza kushuka na kusafika, samaki anarudi kidogo kidogo, na hizo ndizo saa nzuri kuliko zote. Bara kwetu, mito ya Mnyera na Ruhudji, inayolisha Kilombero, ina samaki mkubwa mwenye meno marefu yaliyopishana, ambaye wavuvi wa unyoya wanamfuata kutoka nchi za mbali. Wanakwenda kiangazi, maji yakiwa yamepungua na kusafika. Masika hawaendi kabisa.

Visiwani hatuna mito ya namna hiyo. Unguja kuna Mto Mwera, nao ni mfupi. Vijito vya Pemba vinatoka vilimani na kuishia kwenye mikoko. Lakini hori lililozungukwa na mikoko ni mto kamili: lina mkondo, lina kingo, lina shimo kwenye kona, lina jiwe linalogawa maji. Tofauti ni kwamba mto wa bara hubadilika kwa mvua, na huwezi kujua kwa yakini lini. Wetu hubadilika kwa mwezi, na ratiba yake unaweza kuiandika ukutani mwaka mzima.

Sasa tuiandike hiyo ratiba. Bamvua, yaani maji makubwa, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na kwa kawaida hukamilika siku moja au mbili baadaye. Kwa tarehe za mwezi wa Kiislamu, tarajia tarehe 1 mpaka 3 na 15 mpaka 17. Maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo, huangukia karibu na tarehe 8 na 9, tena 22 na 23. Katika visiwa vyetu, maji ya bamvua hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata, saa husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Kusogea huko ni kudogo siku za bamvua na kukubwa siku za maji mafu, kwa hiyo msishangae hesabu ikipotea nusu saa. Ndiyo maana siku za maji mafu hujaa kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, wakati ule ule ambao juma moja nyuma fungu lilikuwa limekauka.

Mgeni aliyeambiwa "asubuhi ni wakati mzuri" amedanganywa. Asubuhi ya tarehe 2 na asubuhi ya tarehe 9 ni bahari mbili.

Kiasi cha maji nacho kinapishana sana. Bamvua kubwa hupandisha na kushusha maji kama mita 4 hivi, na maji mafu ni mita moja au moja na nusu. Na maji hayapandi sawasawa. Ipo kanuni ya manahodha: gawa tofauti yote kwa 12. Saa ya kwanza baada ya kusimama, maji husogea sehemu 1 kati ya hizo 12. Saa ya pili sehemu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, na ya sita 1. Chukua siku yenye tofauti ya mita 3.6: saa ya kwanza unapata sentimita 30, saa ya tatu na ya nne unapata sentimita 90 kila moja. Sentimita 90 kwa saa ni sentimita 15 kila dakika kumi. Mtu aliyesimama maji yakimfika magotini, akajishughulisha na mafundo kwa dakika 20, akiinua kichwa maji yako mapajani. Siku ya maji mafu yenye tofauti ya mita 1.2, saa hiyo hiyo inapandisha sentimita 30 tu.

Kanuni hii inasema pia lini mkondo una nguvu. Katikati ya maji, saa ya tatu na ya nne, hori linakimbia. Mwanzoni na mwishoni linatembea. Nusu saa kila upande wa kusimama kwa maji, karibu halitembei kabisa, na samaki wanaosubiri chakula kiletwe na mkondo hutawanyika.

Hapa nataka tukae kidogo, kwani ndipo wengi wanapokosea.

Pima kasi ya mkondo. Kifaa ni jani la mkoko na saa ya simu. Tia alama mbili ukingoni, mita 10 kati yake, au tumia urefu wa mashua ukiwa umetia nanga. Jani likichukua sekunde 20 kwenda mita 10, mkondo ni nusu mita kwa sekunde. Likichukua sekunde 10, ni mita moja kwa sekunde, na hiyo ni kasi kubwa. Likichukua sekunde 50, ni sentimita 20.

Sasa pima kina kwa pondo. Tuseme ni mita 2.4, na samaki wamekaa chini. Mshipi wa kuzama kwa haraka hushuka kama sentimita 15 kwa sekunde. Mita 2.4 inataka sekunde 16. Katika sekunde 16 hizo, mkondo wa nusu mita utaubeba unyoya mita 8. Kwa hiyo ukitaka unyoya ufike chini mbele ya jiwe, urushe mita 8 juu yake, upande maji yanakotoka. Mkondo wa sentimita 20 unataka mita 3 na kidogo. Mkondo wa mita moja unataka mita 16, na humo ndimo asubuhi za watu zinamoharibikia: kurusha mita 16 juu ya jiwe, kisha kuutawala mshipi wote ule ulioko majini, ni jambo lisilowezekana kwa wageni wengi. Jawabu lake si unyoya mzito zaidi. Jawabu ni kuhama. Sogea ukingoni, au ingia nyuma ya kona, penye kasi nusu yake, na hesabu inarudi kuwa mita 8. Samaki naye amefanya hesabu hiyo hiyo kabla yako.

Hesabu hii si ya duka la dhahabu. Maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu kwa sababu yanakwaruza mchanga na majani, kwa hiyo unyoya hubebwa pungufu kidogo kuliko ulivyokadiria. Upande wa pili, mshipi uliokazwa hauzami, maana mkondo huuinua kama tanga. Kwa hiyo mpe mgeni maagizo haya: rusha, kisha ulegeze mshipi, uhesabu. Asiyelegeza, hata akiwa na mshipi mzito wa duka zima, unyoya wake unapita nusu mita chini ya uso wa maji.

Utajuaje umefika chini? Ukikwaruza mara moja katika kila mirusho mitano au sita, uko mahali pake. Ukikwaruza kila mara, punguza sekunde mbili. Usipokwaruza kabisa, ongeza sekunde mbili. Fanyeni hivyo mara tatu kabla mtu hajagusa kisanduku.

Mshipi unaoelea una shida yake. Ukirusha kukata hori, katikati maji yanakimbia na kando yanatembea. Mshipi unafanya tumbo, tumbo linavutwa, na unyoya unaburutwa kuliko samaki au kamba yeyote anavyoweza kuogelea. Dawa yake ni kulibinua tumbo lile kuelekea juu ya mkondo mara tu mshipi unapotua. Inua fimbo, chora nusu duara kwa ncha yake kuelekea maji yanakotoka, uweke mshipi chini taratibu. Kama tumbo linarudi baada ya sekunde tatu, binua tena. Ukiona unyoya umesogea kila ukibinua, unainua mshipi mwingi mno. Na kama tumbo haliondoki kwa namna yoyote, umesimama mahali pabaya: nenda juu zaidi, urushe ukielekeza chini kwa mshazari, uuache mkondo uuzungushe unyoya mpaka ukingoni. Namna hiyo ndiyo nyepesi kumfundisha mgeni anayeanza, na kolekole huipenda, kwa sababu kidagaa kilichoshindwa na maji huenda hivyo hivyo.

Kwenye mto, jiwe lina mgongo mmoja. Trauti hukaa nyuma yake penye maji tulivu, au mbele yake kidogo pale maji yanapogota na kupunguza mwendo, akiwa ameelekeza kichwa maji yanakotoka, leo na kesho. Kwenye hori, jiwe lina migongo miwili. Maji yakipwa, samaki wako upande wa baharini. Maji yakijaa, wako upande wa mikoko. Mashua iliyotiwa nanga mahali pazuri saa ya kupwa inakuwa imesimama juu ya vichwa vya samaki saa ya kujaa. Maji yakisimama, ng'oeni nanga, zungukeni kwa pondo bila mashine, muingie kwa upande wa pili. Vijana wengi wanaijua kanuni hii kwa mshipi wa mkono lakini wakiwa na mgeni wanaona haya kumsumbua. Msumbueni.

Swali linaloulizwa sana: kupwa au kujaa? Kwenye mahori ya mikoko jibu langu ni kupwa, na hasa saa mbili za mwisho. Kamba, vidagaa, chaa wadogo na kaa waliokuwa wamejificha kwenye mizizi hawana tena pa kujificha, wanashushwa na vijifereji mpaka kwenye hori kubwa. Pale kijifereji kinapomwaga, tafuta mstari ambapo maji machafu yanakutana na masafi, ndipo kolekole na kelea wanapokaa. Maji ya bamvua yakijaa mpaka mwisho ndiyo saa mbaya kuliko zote: maji yameingia ndani kabisa ya mikoko, samaki wameyafuata, na huwezi kurusha unyoya katikati ya mizizi. Tumieni saa hiyo kwa chakula na sala. Kwenye mafungu ya wazi, kinyume chake, maji ya kwanza ya kujaa ndiyo mazuri, kwa sababu samaki hupanda nayo kutafuta kaa na minyoo, na unawaona kwa macho katika maji ya kufika ugokoni.

Kwa mgeni anayeanza, mimi nisingechagua bamvua wala maji mafu. Chagueni tarehe 5 au 12 za mwezi. Mkondo upo lakini unaweza kuutawala. Tarehe 5 maji hupwa karibu na saa sita mchana, kwa hiyo saa nne mpaka saa sita ni zenu, na jua liko juu mnaona vizuri.

Tuje kwenye rangi ya maji. Chukueni kifuniko cheupe cha ndoo, kifungeni kijiwe na uzi wenye mafundo kila sentimita 25, mkiteremshe kivulini mwa mashua mpaka kipotee. Kikipotea baada ya mita 2, maji ni masafi: unyoya mdogo, wa rangi ya mchanga au kijani kibichi, na nailoni ya mbele, ile inayounganisha mshipi na unyoya, ndefu ya mita 3 au zaidi. Kikipotea kati ya nusu mita na mita moja, unyoya mkubwa zaidi, wenye cheusi au zambarau ndani yake. Watu huchukua rangi za kung'aa kwenye maji machafu, lakini anayetazama kutoka chini kuelekea angani huona kivuli, na kivuli kizuri kinatoka kwa rangi nyeusi. Nyekundu ndiyo rangi inayopotea mwanzo kadiri kina kinavyoongezeka, kwa hiyo msiitegemee chini. Kifuniko kikipotea chini ya sentimita 30, hilo si tatizo la rangi tena. Hameni mwelekee mdomoni mwa hori, au mwambieni mgeni ukweli kwamba leo ni siku ya chambo chenye harufu.

Masika yana jambo lake. Maji ya mvua ni mepesi kuliko maji ya chumvi, kwa hiyo huelea juu yake. Hori linaweza kuonekana la kahawia kabisa na chini ya tabaka hilo maji yakawa ya chumvi na masafi kuliko unavyodhani. Mwenye mshipi wa kuelea anavua kwenye udongo. Mwenye mshipi wa kuzama anapita chini yake. Yaonjeni maji ya juu: yakiwa baridi na yasiyo na chumvi, mjue mna matabaka. Siku za upepo mkali au bamvua, mkondo huyachanganya na ujanja huu haufanyi kazi. Baada ya mvua kubwa subirini kupwa na kujaa mara mbili au tatu, kwani bamvua husafisha hori haraka na maji mafu huchelewa.

Unyoya nao tuufunge wenyewe, kwani vifaa vingi viko majumbani. Ndoana namba 2 kwa mahori, namba 6 kwa mafungu ya maji machache. Manyoya ya mkia wa mbuzi, meupe na ya rangi ya udongo, yaliyooshwa kwa sabuni na kuanikwa. Uzi mwembamba wa kushonea wa polista. Macho ni vipande viwili vya risasi vilivyounganishwa, au shanga mbili za chuma kwenye waya. Funga macho upande wa juu wa mti wa ndoana, milimita 4 nyuma ya tundu, kwa uzi wa msalaba mara kumi na zaidi, utie rangi ya kucha isiyo na rangi. Uzito ukiwa juu, ndoana inajipindua na ncha inatazama juu, kwa hiyo hainasi majani wala matumbawe. Kisha funga kishungi cha nywele nyeupe chenye urefu wa sentimita 6 hivi upande wa macho, ugeuze ndoana, ufunge kishungi cha rangi ya udongo upande wa ncha. Maliza kwa mafundo na rangi ya kucha tena.

Kosa la kila anayeanza ni kuzidisha nywele. Unyoya unakuwa kama brashi ya kupakia chokaa: haupenyi maji, unashuka polepole, na hesabu yetu yote ya sekunde inaharibika. Kila kishungi kisizidi unene wa njiti ya kiberiti ukikibana. Ukiinua unyoya kwenye jua uone mwanga katikati yake. Fungeni wa aina tatu za uzito, wenye umbo moja: usio na macho, wenye macho ya shanga, wenye macho ya risasi. Mwenye hizo tatu kwa rangi mbili ana kisanduku kamili cha Pemba.

Nailoni ya mbele kwa kazi ya kawaida iishie na unene wa milimita 0.40. Penye kolekole wakubwa, 0.60. Penye mzia, ongezeni waya wa sentimita 12 mbele ya ndoana, kwani meno yake hayabishani na nailoni. Waya ukizidi urefu, unyoya unaninginia kichwa chini.

Samaki akishika, wageni waliozoea mito watainua fimbo juu. Kwa trauti ni sawa, mdomo wake ni mlaini. Kwa kolekole, fimbo inapinda na ndoana haiingii, na unyoya unatoka majini mbele ya samaki mwingine aliyekuwa anafuata. Mfundisheni mgeni kuuvuta mshipi kwa mkono wa kushoto, fimbo ikiwa imelala kuelekea samaki, mpaka ahisi uzito. Ndipo ainue. Na mshipi uliovutwa usiachwe miguuni: utashika chaza, mkoko, kamba ya nanga. Fungeni beseni la plastiki kiunoni, muutie humo.

Upepo wa kusi unapokuja kutoka kusini-mashariki, pwani ya magharibi ya kisiwa, kuanzia Fundo mpaka upande wa Mkoani, ina mahali pengi pa kujificha. Upepo ukipiga bega la kulia la mtu anayerusha kwa mkono wa kulia, ndoana inapita usoni mwake, na usoni mwako wewe uliyeshika pondo. Mgeuze, arushe kwa mgongo wa mkono, au geuza mashua. Bonyezeni mwiba wa kila ndoana kwa koleo kabla ya kuanza, na miwani isivuliwe. Jihadharini zaidi pale upepo unapokutana na maji yanayotoka kwenye milango kama Njao na Fundo saa ya tatu ya kupwa kwa bamvua: bahari inasimama wima ghafla, na mashua ndogo haina kazi pale.

Kwenye mafungu, maji hayaji kutoka mbele mnakotazama. Yanajaza kwanza vifereji vya nyuma. Kabla ya kushuka, chomekeni mti penye kifereji kati yenu na mashua, muufunge utepe kwenye kiwango cha goti. Maji yakigusa utepe, mnarudi, hata kama kuna samaki mbele. Tembeeni kwa kuburura miguu ili samaki taa waondoke, na viatu viwe vya soli ngumu.

Sehemu kubwa ya maji ya magharibi ya Pemba imo katika eneo la hifadhi la Mkondo wa Pemba, pamoja na Misali. Kabla ya safari, ulizeni kamati ya wavuvi ya shehia husika na ofisi ya uvuvi ni wapi panaruhusiwa na kibali gani kinatakiwa. Msisubiri kuulizwa baharini, mbele ya mgeni. Samaki anayerudishwa ashikwe kwa mikono iliyolowa, asitolewe majini zaidi ya mtu anavyoweza kubana pumzi, na aelekezwe kichwa kwenye mkondo mpaka aondoke mwenyewe. Anayeliwa achinjwe na kutiwa barafu hapo hapo.

Mkirudi, rili, fimbo na mshipi vioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku ile ile. Chumvi ikikaukia ndani ya rili usiku mmoja, asubuhi breki yake inakwama, nailoni inakatika kwa samaki wa kwanza. Msipake rili mafuta ya nazi, yanaganda na kugeuka gundi; tumieni grisi kidogo. Na mkishapaka dawa ya mbu jioni kwenye mikoko, osheni viganja kwa sabuni kabla ya kushika mshipi, kwani nyingi ya dawa hizo huyeyusha plastiki yake, na mshipi wa kuelea uliopasuka ngozi unaanza kuzama kuanzia nchani.

Sasa nawakaribisha kwa maswali, na wazee waanze.